Umeshtakiwa ilhali mkataba unasema usuluhishi: mwongozo wa kusimamisha kesi nchini Kenya

Maswali haya hayaishi. Yanatoka kwa wauzaji wa jumla, makandarasi wadogo, wenye malori, wenye maghala: "Mkataba wetu una kipengele cha usuluhishi, mbona wamenipeleka kortini?" "Jaji si ataona mwenyewe kwamba kesi haimhusu?" "Nimeshajibu madai, bado naweza kuomba twende kwa msuluhishi?"

Usuluhishi ninaousema hapa ni arbitration: ugomvi unaamuliwa na msuluhishi badala ya korti, na uamuzi wake unawafunga wahusika. Majibu ya haraka ni haya. Ndiyo, mwenzako kwenye mkataba anaweza kukushtaki hata kama kipengele kipo. Hapana, jaji hatakusimamishia kesi bila wewe kuomba. Na kama umeshajibu madai, kuna uwezekano mkubwa kwamba umechelewa.

Jibu hilo la tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu kosa lenyewe huwa dogo mno. Mtu amejadiliana kipengele kwa wiki nzima, amekilipia wakili akiandike vizuri, halafu haki yote inapotea kwa kuwa karatasi moja ilitangulia nyingine kwenye masjala. Kwa hiyo usome hatua hizi kabla hujagusa kalamu. Zinahusu sheria ya Kenya. Karibu na mwisho nimeeleza Uganda na Tanzania Bara, maana biashara inavuka Malaba na Namanga kila siku na kanuni za huko si sawa na zetu.

Nadharia kidogo tu

Sheria inayotawala ni Sheria ya Usuluhishi, Nambari 4 ya 1995, iliyorekebishwa mwaka 2009. Kifungu utakachokitegemea ni cha 6. Kinasema mahakama itasimamisha kesi na kuwapeleka wahusika kwenye usuluhishi iwapo mhusika ataomba, tena aombe kabla ya kuitikia samansi (wito wa korti; kuitikia ni kuwasilisha hati ya kuijulisha korti kwamba umeupokea na unajitokeza kwenye kesi) au wakati uleule anapoitikia, au kabla hajayatambua madai kwa njia nyingine. Mahakama inaweza kukataa ikiona makubaliano ya usuluhishi ni batili, hayafanyi kazi au hayatekelezeki, au ikiona kwamba kwa kweli hakuna mgogoro wowote kati yenu.

Kusimamisha kesi si kuifuta. Faili inabaki hai pale kortini ikisubiri. Hilo lina athari zake, tutaziona kwenye hatua ya 9.

Katika mwongozo huu nikisema "kipengele" nakusudia kile kilichomo kwenye mkataba wako, na nikisema "kifungu" nakusudia cha sheria.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Nakala kamili ya mkataba, pamoja na viambatisho na ukurasa wa sahihi. Kama biashara yenu iliendeshwa kwa LPO (oda ya ununuzi) na invoisi tu, tafuta LPO halisi, mbele na nyuma.
- Samansi na hati ya madai kama ulivyozipokea, bila kuchana wala kuandika juu yake.
- Mawasiliano yote kuhusu ugomvi huo: barua, barua pepe, jumbe za WhatsApp, delivery note (hati za kupokelea mzigo) zilizosainiwa, barua za kudai malipo.
- Wakili mwenye cheti hai cha kufanya kazi mwaka huu. Ombi hili lina mitego ya kiutaratibu, na mwongozo huu ni wa kukuwezesha kumsimamia wakili wako na kumuuliza maswali ya maana. Hauchukui nafasi yake.
- Kwa kampuni, barua au azimio la wakurugenzi linalomruhusu mtu fulani kula kiapo kwa niaba ya kampuni. Watu hulisahau hili, halafu siku ya mwisho mkurugenzi yuko safarini na hapatikani.
- Ada ya kufungulia ombi, na akaunti ya wakili kwenye mfumo wa korti wa kuwasilisha hati kwa mtandao.

Hatua

1. Andika tarehe na saa uliyopokea samansi.

Andika pia nani aliipokea na kwa njia gani: mkononi ofisini, kwa barua pepe, kwa WhatsApp. Soma siku ulizopewa za kuitikia. Mara nyingi huwa 15, lakini fuata iliyoandikwa kwenye samansi yako. Siku hizo zikipita bila wewe kuitikia, mdai anaweza kuomba hukumu bila wewe kusikilizwa.

Kama samansi imepokewa na mlinzi wa getini au na karani wa stoo, muulize siku hiyohiyo alisaini nini na lini. Usidhani siku zinaanza kuhesabiwa pale bahasha ilipofika mezani kwako.

2. Tafuta kipengele na ukisome chote, hadi nukta ya mwisho.

Usitosheke na kichwa kinachosema "Usuluhishi". Angalia mambo haya: je, lugha yake ni ya lazima ("mgogoro *utapelekwa*") au ya hiari ("wahusika *wanaweza* kupeleka")? Ni migogoro gani inaguswa, yote itokanayo na mkataba au ya bei tu? Kuna hatua za kupitia kwanza, kama mazungumzo ya siku 30? Nani anateua msuluhishi?

Kama huoni kipengele kwenye mkataba wenyewe, usikate tamaa. Kifungu cha 4 kinataka makubaliano yawe ya maandishi, lakini maandishi hayo yanaweza kuwa kubadilishana barua au barua pepe. Mkataba unaweza pia kurejelea hati nyingine yenye kipengele, mradi urejeleo huo umekifanya kuwa sehemu ya mkataba. Hapo ndipo nyuma ya LPO inapokuwa na thamani. Tuseme umemuuzia mkandarasi saruji kwa LPO ambayo mbele imeandika "kwa masharti yaliyo nyuma ya karatasi hii", na nyuma, kwa maandishi madogo ya kijivu, sharti la 17 linasema migogoro itaamuliwa na msuluhishi. Ulipopeleka saruji kwa LPO hiyo bila kupinga masharti, yeye ana hoja nzuri kwamba uliyakubali. Sasa fikiria nakala yako ni fotokopi ya upande mmoja tu. Utaenda kortini bila hata kujua sharti hilo lipo.

Swali linalorudi sana hapa: "Mkataba tulishauvunja, kipengele si kimekufa nao?" Hapana. Kifungu cha 17 kinakichukulia kipengele cha usuluhishi kama makubaliano yanayojitegemea. Mkataba unaweza kuisha, kuvunjwa, hata kudaiwa kuwa batili, na kipengele kikaendelea kuishi.

3. Pima kama kuna mgogoro wa kweli.

Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo huwaangusha. Mahakama haikupeleki kwa msuluhishi ukaamuliwe jambo ambalo hukulipinga kamwe. Pitia mawasiliano yako kwa macho ya upande wa pili. Kama miezi mitatu iliyopita ulituma ujumbe "Bosi, nivumilie, nitamaliza hiyo milioni nne mwisho wa mwezi", mdai ataupachika ujumbe huo kwenye kiapo chake (maelezo yake ya maandishi yaliyoapiwa) na kusema: huyu anakubali deni, basi wanagombania nini? Katika shauri moja la bima lililofika Mahakama ya Rufaa mwaka 2013, majaji walithibitisha kwamba ni kazi ya mahakama kulichunguza hilo kabla ya kusimamisha kesi.

Kama una sababu za kupinga deni (saruji ililowa, mifuko ilipungua, bei ilibadilishwa bila idhini) tafuta ushahidi kwamba ulizisema *kabla* ya kushtakiwa. Delivery note iliyoandikwa kwa kalamu "mifuko 40 imeganda, imerudishwa" na kusainiwa na dereva ina uzito kuliko kurasa kumi za maelezo uliyoyakumbuka baada ya samansi kufika.

4. Usijibu madai.

Usimwandikie mdai barua ya kujitetea. Usimpigie wakili wake simu kuomba muda wa kulipa. Usiwasilishe utetezi, usiombe maelezo zaidi ya hati ya madai, usikubali tarehe za kusikilizwa. Hadi ombi lako la kusimamisha kesi liwe kwenye faili, jambo la pekee unaloweza kusema kwa usalama ni kwamba mgogoro huu ni wa msuluhishi.

Mweleze hivyo hata mhasibu wako. Malipo kidogo "ya kumtuliza" yaliyotumwa kwa M-Pesa baada ya kesi kufunguliwa yatasomwa kama kukiri.

5. Andaeni ombi.

Ombi huambatana na kiapo. Kiapo kizuri ni kifupi na kina mambo haya:

a) nani anaapa na kwa idhini ipi;
b) mkataba ulisainiwa lini, nakala imeambatishwa, kipengele ni nambari ipi na kinasema nini, kikinukuliwa neno kwa neno;
c) ugomvi ni nini, kwa sentensi chache, pamoja na barua zinazoonyesha ulikuwepo kabla ya kesi;
d) kwamba ugomvi huo uko ndani ya kipengele;
e) kwamba hujawasilisha utetezi wala kuchukua hatua nyingine kwenye kesi;
f) kwamba uko tayari kushiriki usuluhishi.

Maombi yenyewe yawe mawili tu: kesi isimamishwe, na wahusika wapelekwe kwenye usuluhishi kwa mujibu wa kipengele. Wapo mawakili wanaopenda kuongeza "au kesi itupiliwe mbali kwa kukosa msingi." Nawasihi waache. Ukiomba mahakama iamue kwamba madai hayana msingi, umeiomba ifanye kazi ileile unayosema ni ya msuluhishi.

Kuna pia wanaotegemea pingamizi la awali (hoja ya kisheria inayotolewa bila kiapo) peke yake, wakidhani kutaja kipengele kunatosha. Kifungu cha 6 kinazungumzia *kuomba*. Wasilisha ombi rasmi lenye kiapo.

6. Wasilisha ombi pamoja na hati ya kuitikia samansi, siku ileile.

Kama utakumbuka hatua moja tu, iwe hii.

Utaratibu wa kawaida wa ofisi nyingi za mawakili ni kwamba samansi ikifika, karani anapeleka haraka hati ya kuitikia ili kuzuia hukumu ya upande mmoja, kisha wakili anakaa chini kutafakari utetezi. Kwa kesi nyingine huo ni utaratibu salama. Kwa kesi yenye kipengele cha usuluhishi, ni mtego. Mahakama ya Rufaa, katika shauri la mwaka 2005 lililohusu kampuni ya Bedouin Enterprises, ilieleza kwamba hata kama masharti mengine yote ya kifungu cha 6 yametimia, mahakama bado ina haki ya kulikataa ombi ambalo halikuletwa wakati wa kuitikia samansi.

Kwa hiyo mwambie wakili wako waziwazi, kwa maandishi: "Usiitikie samansi mpaka ombi liwe tayari." Kisha hati zote mbili ziingie kwenye mfumo siku moja, ombi likitangulia. Hifadhi risiti za malipo ya korti zenye tarehe na saa.

Kuchelewesha kuitikia hadi siku ya mwisho nako ni hatari, kwani mfumo unaweza kukwama au malipo yakakataa. Lenga siku mbili tatu kabla.

*Tahadhari: kesi iliyokuja na ombi la zuio la dharura.* Mara nyingi mdai haji na hati ya madai pekee. Anakuja na ombi la kuzuia mali isiuzwe au akaunti isiguswe, na jaji anakupa siku chache kujibu. Presha hiyo inawafanya watu wamwage utetezi wao wote kwenye kiapo cha kujibu zuio. Wasilisha kwanza ombi la kusimamisha kesi. Likishaingia, kifungu cha 6(2) kinasema kesi isiendelee hadi ombi hilo liamuliwe. Ukilazimika kusema lolote kuhusu zuio, sema kuhusu zuio tu, na kiapo kitamke kwamba unajibu bila kuacha haki yako chini ya kipengele.

7. Mkabidhi mdai hati.

Tuma kwa anwani ya barua pepe iliyotajwa kwenye hati ya madai na uandae kiapo cha kukabidhi. Fupi, lakini usiisahau. Ombi lisilokabidhiwa litaahirishwa, na kila ahirisho ni pesa.

8. Siku ya kusikilizwa, jiandae kwa maswali machache tu.

Jaji au hakimu atataka kujua: kipengele kiko wapi? Ombi liliingia lini ukilinganisha na hati ya kuitikia? Ugomvi uko ndani ya kipengele? Kweli mnabishana? Usihubiri juu ya faida za usuluhishi. Inatosha kukumbusha kwamba Katiba ya 2010, ibara ya 159(2)(c), inaitaka mahakama ikuze njia mbadala za kutatua migogoro, kisha rudi kwenye tarehe zako.

Mdai naye kwa kawaida husema: kipengele kinapingana na kipengele kingine kinachotaja korti za Mombasa, au usuluhishi ni ghali, au kuna ulaghai ambao korti pekee inaweza kuuchunguza, au hakuna mgogoro. Hoja ya kwanza na ya mwisho ndizo zenye meno. Ziandalie majibu ya maandishi.

9. Ukishapata amri, anza usuluhishi. Usilale.

Hapa watu hupumua na kusahau. Amri ya kusimamisha haimteui msuluhishi wala haifungui usuluhishi. Isipokuwa mmekubaliana vingine, usuluhishi huanza siku mhusika wa pili anapopokea ombi la maandishi la kupeleka mgogoro huo kwa msuluhishi.

Kama wewe ndiye mwenye dai, tuma notisi hiyo wiki hiyohiyo. Muda wa ukomo (mwisho wa kufungua dai) kwa madai ya mkataba nchini Kenya ni miaka sita, na ukomo unauhusu usuluhishi vilevile. Kesi iliyolala kortini usiitegemee ikulindie muda.

Notisi itaje mkataba, kipengele, ugomvi kwa kifupi, unachodai, na majina mawili matatu ya wasuluhishi unaowapendekeza. Ugomvi wa kiufundi wa ujenzi unahitaji mhandisi au mkadiriaji majengo aliyesomea usuluhishi; ugomvi wa tafsiri ya mkataba unahitaji mwanasheria. Wasuluhishi waliosajiliwa utawapata kupitia tawi la Kenya la Chartered Institute of Arbitrators au kituo cha usuluhishi wa kimataifa cha Nairobi, NCIA, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013.

Ujue pia unaingia wapi. Tuzo ya msuluhishi, yaani uamuzi wake, ni ngumu kuiondoa: una miezi mitatu tangu kuipokea kuiomba Mahakama Kuu iifute, kwa sababu chache zilizotajwa na kifungu cha 35. Njia ya kwenda juu zaidi ni nyembamba. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2019, katika shauri la Nyutu Agrovet dhidi ya Airtel, kwamba rufaa kutoka hapo ni kwa hali za kipekee tu. Leta ushahidi wako wote kwa msuluhishi, usiweke akiba ya rufaa.

Kama wewe ndiye unayetaka kushtaki

Una kipengele lakini mali inapotea: magunia ya kahawa yanahamishwa usiku kutoka ghala la Changamwe, au dhamana ya benki inakaribia kudaiwa. Si lazima usubiri msuluhishi ateuliwe. Kifungu cha 7 kinaruhusu kuiomba Mahakama Kuu (si mahakama ya hakimu) amri ya muda ya kulinda mali, kabla ya usuluhishi au ukiwa unaendelea, bila kuonekana umekiacha kipengele. Mahakama ya Rufaa ilitaja mwaka 2010, katika shauri la Safaricom na hoteli ya Ocean View Beach, mambo ya kuangaliwa: kama makubaliano ya usuluhishi yapo, kama kitu kinachogombaniwa kiko hatarini, ni amri gani inafaa, na ni kwa muda gani, ili kazi ya msuluhishi isiharibiwe. Ombi lako lipange hivyo hivyo. Na usichanganye: ukiomba amri ya muda, usifungue papo hapo kesi nzima ya kudai fedha.

Kuandika kipengele kisichokutesa

Kipengele kibovu huzaa kesi kuhusu kipengele, kabla hata ya ugomvi wenyewe kuguswa. Haya ndiyo maneno ninayowapa wanaoanza:

"Mgogoro wowote utakaotokana na mkataba huu au kuhusiana nao, pamoja na suala la uhalali, uvunjaji au ukomo wake, utaamuliwa kwa usuluhishi na msuluhishi mmoja. Wahusika wasipokubaliana juu ya msuluhishi ndani ya siku 14 tangu mmoja wao kupokea notisi ya maandishi ya mgogoro, msuluhishi atateuliwa na … (jina kamili la taasisi). Makao ya usuluhishi yatakuwa Nairobi, Kenya, na sheria ya Kenya ndiyo itakayotumika. Lugha ya usuluhishi itakuwa Kiswahili. Uamuzi wa msuluhishi utakuwa wa mwisho na utawafunga wahusika wote. Mahakama za Kenya zitakuwa na mamlaka kwa ajili ya amri za muda na utekelezaji wa tuzo."

Sentensi ya "wa mwisho na utawafunga" usiiondoe. Wengi wetu hulitumia neno usuluhishi hata kwa kikao cha kupatanishwa ambacho hakimfungi mtu, na upande wa pili unaweza kudai hicho ndicho mlichokusudia. Sentensi ya mwisho nayo ni dawa ya kosa ninaloliona kuliko yote: kipengele cha 14 kinasema usuluhishi, cha 19 kilichonakiliwa kutoka mkataba mwingine kinasema korti za Mombasa ndizo pekee zenye mamlaka.

Na si kila mkataba unahitaji kipengele hiki. Wahusika ndio wanaomlipa msuluhishi, ukumbi na kumbukumbu. Kwa mauzo ya laki tatu, Mahakama ya Madai Madogo, inayopokea madai hadi shilingi 1,000,000 na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60, inakufaa zaidi. Mshauri anayebandika kipengele cha wasuluhishi watatu kwenye mkataba wa kusambaza maziwa dukani hakutendei haki.

Ukivuka mpaka

Usihamishe hatua ya 6 kwenda nchi nyingine bila kuuliza. Uganda, sheria yao inataka ombi la kupelekwa kwenye usuluhishi lije *baada* ya kuwasilisha utetezi, yaani jambo lile lile linalokupotezea haki Nairobi ndilo unalotakiwa kulifanya Kampala. Tanzania Bara, sheria ya mwaka 2020 iliyochukua nafasi ya ile ya 1931 inataka kwanza uchukue hatua ya kiutaratibu ya kutambua kesi, kama ipo, lakini uombe kabla hujajibu kiini cha madai. Nchi tatu jirani, nyakati tatu tofauti za kuomba. Mwenye wakili mmoja wa Kenya anayesimamia kesi za nchi zote tatu amuulize swali hili siku ya kwanza.

Ukikwama

*Wakili ameshawasilisha utetezi.* Ombi la kifungu cha 6 lina nafasi ndogo sana. Lakini kama na mdai amechoka na foleni ya korti, mnaweza kukubaliana: Agizo la 46 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai linawaruhusu wahusika wote kuiomba mahakama iwapeleke kwenye usuluhishi wakati wowote kabla ya hukumu. Asipokubali, pigania kesi yako vizuri pale ilipo, na usipoteze mwaka kwa ombi lililokufa.

*Hukumu imetolewa bila mimi kusikilizwa.* Harakisha. Ombi la kuondoa hukumu na ombi la kusimamisha kesi viende pamoja, na kila hati itamke kwamba huachi haki yako ya usuluhishi. Kama hukukabidhiwa samansi ipasavyo, anza na hoja hiyo.

*Mahakama imekataa kusimamisha.* Kesi inaendelea. Hata kama mkataba wako unasema hakuna atakayeshtaki kabla ya tuzo kutolewa, kifungu cha 6(3) kinaliondolea sharti hilo nguvu katika kesi hiyo. Angalia siku za kuwasilisha utetezi mara moja.

*Taasisi iliyotajwa kuteua msuluhishi haipo, au jina limekosewa.* Pendekeza kwa maandishi taasisi nyingine na mwandike nyongeza fupi ya mkataba. Akikataa, hoja yako ni kwamba nia ya kwenda kwa msuluhishi iko wazi na kosa la jina si lazima liue kipengele.

*Kila upande uchague wake, na mwenzangu hataki kuchagua.* Mteue wako, kisha mpe notisi ya maandishi kwamba unakusudia wako awe msuluhishi pekee. Zikipita siku 14 bila yeye kuteua, sheria inakuruhusu kuendelea hivyo, isipokuwa mlikubaliana utaratibu mwingine.

*Wamemshtaki na mdhamini wangu ambaye hakusaini mkataba.* Kipengele kinamfunga aliyekubali. Jiandae kwa uwezekano kwamba kesi dhidi yako itasimama na ya mdhamini itaendelea. Soma hati ya dhamana: huenda inaurejelea mkataba mkuu pamoja na masharti yake yote.

*Sina uwezo wa kumlipa msuluhishi.* Pendekeza msuluhishi mmoja, uamuzi kwa hati bila vikao vya mashahidi, na ada ya kiwango kilichokubaliwa mapema. Kama dai liko chini ya milioni moja, pande zote mbili zinaweza kukiacha kipengele kwa maandishi na kwenda Mahakama ya Madai Madogo.

*Kesi imesimamishwa na mdai hafanyi lolote.* Mwandikie ukimpa muda maalumu wa kutuma notisi ya usuluhishi. Ukipita, wakili wako aombe faili itajwe mbele ya jaji na maelekezo yatolewe. Weka nakala ya barua hiyo. Ndiyo itakayoonyesha ni nani aliyekuwa akichelewesha.